Mbona Mkora Anakupigia Simu Badala ya Kuvunja Kufuli?

Hebu tazama nambari hii: 147,573,952,589,676,412,927. Ina tarakimu 21. Ukizidisha 2 kwa 2 hadi utumie 2 sitini na saba, kisha utoe 1, utaipata. Leo tunaitumia kueleza jinsi siri zinavyolindwa mtandaoni, na mahali ulinzi huo unapoishia.

Inagawika au haigawiki?

Nambari tasa ni ile isiyogawika ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama 7 au 13. Mwaka wa 1644, mtawa Mfaransa Marin Mersenne alidai kwamba nambari yetu ni tasa. Mwaka wa 1876, Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alithibitisha kwamba si tasa, ila hakujua inagawika kwa ngapi. Jibu lilitoka 1903, pale Mmarekani Frank Nelson Cole alipowaonyesha wanahisabati wenzake jijini New York kwamba ni 193,707,721 × 761,838,257,287.

Inasimuliwa kwamba kazi hiyo ilimla Jumapili za miaka mitatu. Lakini kuhakikisha jibu lake ni kuzidisha tu, kazi ya kalamu na karatasi.

Kwenda rahisi, kurudi ni kazi

Jaribu mwenyewe. Kwa kikokotoo cha simu, zidisha 89 kwa 97. Unapata 8,633 papo hapo. Sasa mpe rafiki yako 8,633 pekee, umuulize ni nambari gani mbili zilizozidishwa. Atahangaika kidogo!

Mwaka wa 1977, Rivest, Shamir na Adleman wa chuo cha MIT walitumia ugumu huu kuunda kufuli ya siri iitwayo RSA, ambayo bado inatumika kwenye intaneti. Nambari kubwa hutangazwa wazi, lakini zile mbili tasa zilizoizaa hufichwa. Kwa kompyuta za leo, tarakimu 21 ni mchezo. Kwa hivyo kufuli za kawaida za aina hii hutumia nambari ya tarakimu 617. Mwaka wa 2020 wataalamu walifaulu kuigawa nambari ya tarakimu 250, tena kwa kutumia kompyuta nyingi mno.

Wewe unaingia wapi?

PIN yako ina tarakimu 4 tu. Kuanzia 0000 hadi 9999 kuna chaguo 10,000. Ukiweka mwaka wako wa kuzaliwa, chaguo hizo zinapungua sana: kuanzia 1950 hadi 2009 ni 60 pekee. Na mkora anayekufahamu hahitaji hata hizo 60.

Ndiyo maana hasumbuki na tarakimu 617. Anakupigia simu: "Hujambo, mimi ni wa huduma kwa wateja. Laini yako inafungwa leo, nitajie PIN tuirekebishe." Ukimtajia, hakuna kufuli iliyovunjwa. Umemfungulia mlango mwenyewe.

Kwa hivyo, mteja wetu:

- Usitumie mwaka wa kuzaliwa, 1234, wala tarakimu za mwisho za nambari yako ya simu.
- Usimtajie mtu yeyote PIN yako, hata akisema anatoka kwetu. Sisi hatutakuuliza kamwe.
- Ukishuku kuna mtu ameijua, ibadilishe mara moja. Usingoje kesho.