TRENI ZA KUCHEZEA: IPI INAMFAA MTOTO?

Reli ya kati ilifika Morogoro mwaka 1907, wakati wa utawala wa Wajerumani. Kwanza zilipita treni za mvuke, baadaye za dizeli. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro. Mtoto akiona treni, naye hutaka ya kwake. Leo tujifunze juu ya treni za kuchezea. Kila aina ina uzuri wake na ubaya wake.

1. Treni ya mabua
Mtoto huiunda mwenyewe. Mabehewa ni mabua ya mahindi au mtama. Magurudumu hukatwa kwenye ndala zilizochakaa.
Uzuri: Haina gharama. Mtoto anajifunza kupima, kuhesabu na kuunga. Ikivunjika, anajua kuitengeneza.
Ubaya: Ikinyeshewa, basi tena. Ganda la bua nalo hukata kama wembe.

2. Treni ya makopo
Hii huundwa kwa makopo, waya na vizibo vya soda.
Uzuri: Ina nguvu. Hubeba mchanga na hudumu siku nyingi.
Ubaya: Bati hukata, na kidonda kichafu chaweza kuleta pepopunda. Kwa hiyo kunja kingo za bati kwa nyundo. Vizibo navyo vibonyezwe kwa nyundo. Mtoto asiende kuvilaza relini ili treni ivikanyage. Tena, kopo la dawa ya kuulia wadudu wa mboga lisitumike kamwe, hata kama limeoshwa. Sumu hubaki.

3. Treni ya bati ya kiwandani
Mwaka 1891 kiwanda cha Märklin cha Ujerumani kilianza kuuza treni za bati pamoja na reli zake. Ukizungusha ufunguo, springi ya ndani hujikaza. Ikilegea, huzungusha magurudumu.
Uzuri: Ni imara, na haitaki betri.
Ubaya: Ni ghali. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Chombo cha zamani chenye rangi inayobanduka asipewe mtoto.

4. Treni ya plastiki na betri
Uzuri: Ni nyepesi, haishiki kutu, ina taa na honi.
Ubaya: Ikivunjika ni vigumu kuitengeneza, na betri zinakwisha. Hatari kubwa ni betri ndogo bapa, iliyo kama kifungo cha shati. Mtoto akiimeza, inaweza kumuunguza koo vibaya ndani ya saa 2. Usimtapishe. Mkimbize hospitali mara moja.

Tuchague ipi?
Mtoto wa chini ya miaka 3 asipewe treni yenye vipande vidogo. Mkubwa aachwe aunde yake, mzazi akiwa karibu, maana hiyo ndiyo inayomfundisha kazi ya mikono. Ukinunua ya dukani, hakikisha mfuniko wa betri umefungwa kwa skrubu.

Maswali ya kujadili
1. Taja uzuri na ubaya wa treni ya makopo.
2. Kwa nini kopo la dawa ya wadudu halifai?
3. Mtoto akimeza betri, utafanya nini?
4. Watoto wa nyumbani kwako wanachezea nini? Kiangalie leo.