MHESHIMIWA AKITUAHIDI BIMA YA AFYA, TUMUULIZE NINI?

Somo hili ni la kusomwa kwa sauti katika mkutano wa kikundi. Msomaji asome kipande kimoja, anyamaze, watu wazungumze, kisha aendelee. Wenye kalamu wazitoe, maana leo kuna hesabu.

Ahadi za matibabu si jambo geni kwetu. Mfuko wa NHIF ulianzishwa mwaka 1966, na kwa muda mrefu ulikuwa hasa wa watu wenye mishahara. Mkulima, mchuuzi na kibarua walibaki na harambee na kuuza mbuzi. Mwaka 2004 Waziri wa Afya, Charity Ngilu, alipeleka bungeni mswada wa bima kwa kila Mkenya. Bunge likaupitisha, watu wakafurahi. Lakini Rais Kibaki hakuutia sahihi, na ukafia hapo. Shida kubwa ilikuwa ni pesa za kuuendesha mpango wenyewe. Tena Juni 2013 serikali ilitangaza kwamba kujifungua katika hospitali za umma ni bure. Hilo lilikuwa jambo jema kabisa, na akina mama wengi waliitikia. Ila vitanda na wauguzi havikuongezeka siku ile ile ya tangazo! Kwa hiyo tunaona kwamba ahadi yaweza kuwa nzuri na bado ikakwama, mara nyingine kwa kukosa pesa, mara nyingine kwa kukosa maandalizi.

Tuchukue mfano mmoja tuuchambue. Mwaka 2022 William Ruto, akiomba kura za urais, aliahidi kuibadilisha NHIF ili kila mtu achange kulingana na mapato yake. Sheria ilipitishwa mwaka 2023, na mpango mpya chini ya mamlaka inayoitwa SHA ukaanza tarehe 1 Oktoba 2024. Hatumpigii mtu debe hapa, wala hatumpingi. Maswali haya haya atayajibu mgombea yeyote atakayekuja kwetu mwaka 2027.

Tuanze na mfuko wetu. Nani analipa, na kiasi gani? Chini ya NHIF mtu asiye na mshahara alilipa shilingi 500 kwa mwezi, awe na pato kubwa au dogo. Mwajiriwa wa mshahara wa shilingi 100,000 alikatwa 1,700, na mwenye milioni moja naye alikatwa 1,700 hiyo hiyo. Hapo hata mtoto wa darasa la nne angeona kuna kasoro. Mpango mpya ukaweka asilimia 2.75 ya mapato, bila kikomo cha juu, na kiwango cha chini kabisa shilingi 300 kwa mwezi. Basi mwenye mshahara wa 20,000, ambaye NHIF ilimkata 750, sasa akakatwa 550. Wa 50,000 akapanda kutoka 1,200 hadi 1,375. Wa 100,000 akafika 2,750. Sisi tunaona wazo hilo ni la haki: mwenye nacho abebe zaidi.

Na sisi tusio na mshahara je? Hapa tukae kidogo. Familia ikikadiriwa kuwa na pato la shilingi 10,000 kwa mwezi, asilimia 2.75 ni 275, kwa hiyo inalipa kile kiwango cha chini, 300. Ikikadiriwa 15,000, ni shilingi 412 na senti 50. Ikikadiriwa 20,000, ni 550, yaani zaidi ya ile 500 ya zamani. Fanyeni hesabu wenyewe mtaona mpaka uko karibu na shilingi 18,180: aliye chini yake amepunguziwa, aliye juu yake ameongezewa. Kwa hiyo mwanasiasa akisema "tumewashushia", na mwingine akisema "wamewapandishia", wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli kuhusu nyumba mbili za kijiji kimoja.

Sasa, nani anakadiria? Mkulima hana karatasi ya mshahara. Mpango huu hutumia maswali kuhusu nyumba, mifugo, vyombo vya nyumbani na mengine kama hayo, kisha mashine inatoa kiwango. Jamani, tuulize: yule nyanya aliyejengewa nyumba ya mabati na mtoto wake wa mjini, naye haoni hata shilingi mia kwa wiki, atahesabiwa vipi? Na akionewa, akate rufaa kwa nani, na wapi? Mgombea ambaye hana jibu la swali hili bado hajaufikiria mpango wake mpaka kijijini.

Halafu kuna swali la wakati, ambalo watu hulisahau. Mwajiriwa hukatwa kila mwezi, haumii sana. Asiye na mshahara alitakiwa na kanuni za 2024 kulipa ya mwaka mzima kwa mara moja. Shilingi 300 ni rahisi kusema jukwaani, lakini 3,600 kwa mpigo, mwezi wa Januari, karo nayo inadaiwa, ni jambo lingine! Kwa maoni yetu hapa ndipo mpango ulipomsahau mchuuzi.

Tuulize pia tunapata nini na wapi. Kwa sheria hii, matibabu ya zahanati na kituo cha afya hugharimiwa na mfuko wa serikali, si mchango wetu. Mchango ni wa hospitali kubwa zaidi. Kadi haina faida kama zahanati haina dawa. Na hospitali isipolipwa na mfuko kwa wakati, mgonjwa ndiye atakayeambiwa alete pesa taslimu. Mheshimiwa aulizwe: hospitali italipwa baada ya siku ngapi?

Mwisho, sheria yenyewe. Julai 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria za mpango huu zinakiuka Katiba, sababu moja ikiwa wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Septemba mwaka huo Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu hiyo na mpango ukaendelea. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya afya, na kinakataza kumnyima mtu matibabu ya dharura. Kwa hiyo tukiuliza, hatuombi msaada.

Kazi ya kikundi: kila mmoja akadirie pato la nyumba yake kwa mwezi na atafute asilimia 2.75 yake. Si lazima aitaje mbele ya watu. Kisha kikundi kijadili kama kinaweza kuweka akiba ya matibabu kando ya merigoraundi. Shilingi 70 kwa wiki, kwa wiki 52, zinafika 3,640. Baadaye chagueni maswali manne yanayowauma zaidi, myaandike kwenye karatasi moja, na mchague mama mmoja na kijana mmoja wa kuyapeleka barazani. Kando ya kila swali waache nafasi ya kuandika jibu, jina la aliyejibu na tarehe.