SOMO LA ROBO HII: MANENO YA SERIKALI NA UCHAGUZI KWA NJIA YA MAFUMBO



Katika toleo hili tunawaletea somo ambalo vikundi vyetu vya Masasi na Newala vinaweza kulifanya chini ya mkorosho, bila umeme na bila vitabu. Linahitaji katoni za zamani zilizokatwa vipande, kalamu ya wino mzito na saa moja na nusu baada ya ibada au baada ya kikao cha kikundi.

Lengo la somo: kila mshiriki aweze kueleza kwa maneno yake mwenyewe maneno 15 ya serikali na uchaguzi, na kuyatumia kuuliza swali katika mkutano wa kijiji au mtaa.

KWA NINI TUANZE NA MANENO?

Watu wetu wengi huzungumza Kimakonde, Kimakua au Kiyao nyumbani. Kiswahili wanakijua vizuri, lakini Kiswahili cha ofisi ni kingine. Akidi, pingamizi, muhtasari, uteuzi: maneno haya husomwa haraka mkutanoni na watu hupiga makofi. Asiyelijua neno hawezi kuliulizia, na asiyeuliza huamuliwa na wengine.

Tuchukue mfano wa neno moja, "kujiandikisha". Nchini kwetu kuna orodha mbili za wapiga kura. Ya kwanza ni Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, linalosimamiwa na Tume kwa ajili ya kuchagua Rais, wabunge na madiwani. Ya pili ni orodha inayoandikwa kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa, chini ya TAMISEMI. Mwaka 2024 uandikishaji wa orodha hii ya pili ulikuwa tarehe 11 hadi 20 Oktoba, na kura zikapigwa tarehe 27 Novemba. Mwenye kadi ya Tume ambaye hakwenda kujiandikisha katika siku hizo kumi hakuwa na haki ya kumchagua mwenyekiti wa kijiji chake. Kadi mfukoni anayo, lakini jina halipo. Neno moja lenye maana mbili linaweza kumnyima mtu sauti kwa miaka 5.

Njia hii si ngeni. Mwaka 1970, ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, vikundi vya kusikiliza redio nchini vilifuata kampeni ya masomo iliyoitwa "Uchaguzi ni Wako". Na kabla ya redio, wazee wetu walifundisha kwa vitendawili. Tena ukishindwa kutegua unaombwa mji! Sisi tunaunganisha hayo mawili.

HATUA YA KWANZA: PANGA SILABI (dakika 20)

Andika kila silabi kwenye kipande chake cha katoni. Kikundi cha watu watano kipange neno, kisha kieleze maana yake. Asiyejua kusoma vizuri ashike kipande kimoja na asimame mahali panapostahili, wenzake watamsogeza.

1. NI – DI – WA
2. MBE – A – M – GO
3. MI – PI – ZI – NGA
4. NDA – JI – M – TE
5. TA – KA

Namba 5 huleta kicheko, kwa maana hutoa majibu mawili. Mwezeshaji aulize: lipi kati ya hayo mawili lina ofisi na diwani?

HATUA YA PILI: VIKAPU VITATU (dakika 30)

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Weka vikapu vitatu: ALIYECHAGULIWA, ALIYETEULIWA, ALIYEAJIRIWA. Andika vyeo hivi kwenye katoni na kila mtu atumbukize chake: mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti wa kijiji, mtendaji wa kijiji, mtendaji wa kata, diwani wa kata, mbunge wa jimbo, mkurugenzi wa halmashauri, mkuu wa wilaya, mkuu wa mkoa.

Msikimbilie majibu. Waacheni wabishane. Ubishi mkubwa huwa juu ya mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, kwa kuwa hukaa meza moja. Mwenyekiti amechaguliwa na wanakijiji na anawajibika kwao kwa kura. Mtendaji ni mwajiriwa, naye ndiye katibu wa mikutano ya kijiji. Malalamiko juu yake hupelekwa kwa mwajiri wake. Mtu akijua tofauti hii, anajua mlango wa kubisha.

Ongezeni katoni ya kumi: BALOZI WA NYUMBA KUMI. Haiingii katika kikapu chochote. Tangu nchi irudi katika vyama vingi mwaka 1992, balozi ni kiongozi wa chama, si wa serikali.

Neno "halmashauri" nalo lichambuliwe. Kuna halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25. Kuna Halmashauri ya Wilaya. Na Masasi na Newala kila moja ina Halmashauri ya Mji pia. Juu ya halmashauri ya kijiji upo Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na ambao hutakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi husomwa. Katika nyanda za Makonde, ambako maji ni ya shida na korosho ndiyo fedha, taarifa hiyo hugusa kila nyumba.

HATUA YA TATU: FUMBO LA MISTARI (dakika 20)

Jaza majibu. Herufi za kwanza, zikisomwa kutoka juu kwenda chini, zitatoa neno moja kubwa.

1. Eneo la vijiji au mitaa kadhaa, lenye diwani mmoja wa kuchaguliwa (herufi 4)
2. Idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali (herufi 5)
3. Chombo kinachosimamia uchaguzi mkuu (herufi 4)
4. Maandishi ya chama yanayoeleza kitafanya nini kikishinda (herufi 5)
5. Chombo kinachotunga sheria za nchi (herufi 5)
6. Orodha ya mambo ya kujadiliwa mkutanoni (herufi 6)

HATUA YA NNE: NENO LENYE HISTORIA (dakika 20)

Malizeni kwa neno moja la kutafakari: TAKRIMA. Ni neno zuri, maana yake ukarimu kwa mgeni. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, ikaruhusu mgombea kuwakirimu watu kwa desturi za ukarimu. Je, pilau na kanga wakati wa kampeni ni ukarimu au ni hongo? Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, kwa kuwa vilifungua mlango wa rushwa na kumpendelea mwenye fedha.

Someni pamoja Kutoka 18:21, Yethro anapomshauri Musa juu ya sifa za viongozi. Kisha jadilini: mgombea aliyetupa chumvi leo, tutamuulizaje kesho kuhusu bomba la maji?

Na "kura" yenyewe? Asili yake ni Kiarabu, yaani kupiga bahati. Katika Matendo ya Mitume sura ya 1 kura ndiyo iliyompata Mathiya. Kura ya leo hatuiachii bahati: tunaipiga kwa siri na kwa dhamiri.

TAHADHARI KWA WAWEZESHAJI

Fumbo lisitaje chama, rangi ya chama wala mgombea. Vifo vilivyotokea katika siku za uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 vinatutaka tuwe na kiasi katika kusema na uthabiti katika kufundisha. Somo hili halimwambii mtu amchague nani. Linampa maneno ya kuuliza kwa heshima.

MASWALI KWA KAMATI

1. Mkutano Mkuu wa kijiji chetu ulikutana lini mara ya mwisho? Nani kati yetu alihudhuria?
2. Ni neno gani lililosomwa hapo ambalo hatukulielewa?
3. Wanawake na vijana wa parokia yetu watajuaje siku za kujiandikisha zitakapotangazwa tena?

Kwa kalenda ya miaka 5, uchaguzi wa vijiji na mitaa utarudi mwaka 2029. Muda upo. Wafadhili wetu, gharama ya somo hili ni kalamu na karatasi. Kikubwa tunachowaomba ni kuendelea kuwalea wawezeshaji wanaokwenda kijiji hadi kijiji.

Majibu. Hatua ya kwanza: diwani, mgombea, pingamizi, mtendaji, kata (au taka!). Hatua ya pili: wamechaguliwa wenyeviti wote wawili, diwani na mbunge, wameteuliwa na Rais mkurugenzi, mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa, wameajiriwa watendaji wawili. Hatua ya tatu: kata, akidi, tume, ilani, Bunge, ajenda. Neno kubwa ni KATIBA.