KUWEKA TANGI LA PETROLI CHOMBONI

Wasomaji wetu wa pwani na wa kando ya maziwa wajua ya kuwa vyombo vingi siku hizi havingoji upepo, huendeshwa kwa mashini. Faida yake ni kubwa, lakini mwenye chombo asipolifikiri tangi lake la petroli amewakalisha abiria wake juu ya baruti.

Kwanza yafaa kuielewa tabia ya petroli. Kiwakacho si petroli yenyewe ila mvuke wake, nao hutoka hata katika baridi kali sana, sembuse katika jua letu. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu au zaidi. Haupandi kama moshi, bali hushuka ukatulia katika ngama kama maji yatuliavyo mtungini. Petroli ikimwagika uwanjani, upepo huuchukua mvuke. Chomboni hauna pa kutokea. Hewa ya ngama ikichanganyika na mvuke kiasi cha sehemu moja na nusu tu katika mia, cheche moja ya swichi yatosha kuilipua.

Basi kazi yote ya fundi ni kuuzuia mvuke usifike ngamani. Tangi likae mbali na joto la mashini na mbali na betri, lifungwe kwa mikanda ya chuma lisicheze katika mawimbi. Wengine hutandika gunia chini yake lisisuguane na mbao. Hili ni kosa, maana gunia hushika maji ya chumvi, na tangi huoza upande usioonekana. Afadhali vipande vya mpira mgumu.

Mdomo wa kujazia uwe juu ya sitaha, mahali ambapo petroli ikifurika itamwagikia nje. Bomba la kupeleka petroli kwenye mashini litokee juu ya tangi, kamwe lisitokee chini, ili likivunjika tangi lisijimwage lote ndani; na karibu na tangi pawe na bilula ya kufungia. Bomba la kupumulia nalo litokeze nje ubavuni, juu, limepindwa mdomo chini maji yasiingie. Nilipata kuona mashua ambayo fundi wake alilikatia bomba hili chini ya kiti cha abiria, apate kuokoa mpira wa hatua mbili! Na abiria waliokaa pale walikuwa wakivuta sigara.

Petroli ipitapo katika mpira hufanya umeme. Kwa hiyo mdomo wa chuma uunganishwe na tangi kwa waya, na tangi liunganishwe na mashini.

Kabla ya kutiwa petroli, tangi lijaribiwe kwa hewa: ziba matundu yote, pampu polepole hata kipimo kionyeshe ratili 3 kwa inchi ya mraba, si zaidi, kisha paka povu la sabuni kwenye maungio. Palipo na mapovu panavuja.

Usilijaze tangi hata juu. Acha sehemu moja katika ishirini, maana petroli huvimba kwa joto. Ukiisha kujaza, funua mbao za ngama, unuse kwa pua yako mwenyewe kabla ya kuwasha mashini. Na wenye mashini za kutundika tezini, ambao tangi lao hubebeka, walishushe pwani walijazie huko.