MGONGO WA MBEBA MAGUNIA: UNAVYOUMIA NA UNAVYOPONA

Msimu wa mavuno ya mpunga unapofika, mashine za kukoboa za Kagongwa, wilayani Kahama, hupata kazi nyingi. Mpunga huingia kutoka vijijini na mchele hutoka kwenda mikoa mingine. Kati ya lori na mashine, na kati ya mashine na ghala, kazi kubwa hufanywa na migongo ya watu. Kaskazini ya hapo, katika machimbo madogo ya dhahabu ya ukanda wa Geita, vijana wengine hupandisha viroba vya mawe kutoka mashimoni.

Watu hawa hawajiiti wanamichezo, lakini kwa kipimo cha sayansi ni wanyanyuaji wa uzito. Tofauti ni moja. Mnyanyuaji wa vyuma hunyanyua mara chache, kisha hupumzika. Mbeba magunia hulipwa kwa idadi ya magunia, na siku asiyobeba hapati kitu. Makala haya yanaeleza kwa nini mgongo huumia, kwa nini mara nyingi hupona, na ni jambo gani huuzuia usipone.

Muundo wa uti wa mgongo

Uti wa mgongo una pingili 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Chini ya hizo ziko pingili zilizoungana na kuwa mfupa mmoja wa nyonga. Kati ya pingili na pingili kuna kisahani cha gegedu. Ukingo wake ni tabaka za nyuzi ngumu, na ndani yake kuna kiini laini mfano wa uteute mzito. Kisahani hicho huzuia mifupa isisagane na huruhusu mgongo kupinda.

Kwa mtu mzima kisahani hakina mishipa ya damu ndani yake. Hupata chakula kwa kunyonya maji kutoka mifupa ya jirani, hasa kinapobanwa na kuachiliwa kwa mwendo. Msomaji aikumbuke habari hii, maana tutaihitaji tutakapozungumzia tiba.

Hesabu ya wenzo

Mtu anapoinama kunyanyua mzigo, mgongo wake hufanya kazi ya wenzo. Egemeo ni pingili za kiuno. Tuseme gunia lina kilo 50 na liko sentimita 40 mbele ya egemeo. Misuli ya mgongo huvuta ikiwa sentimita 5 tu nyuma ya egemeo hilo. Basi 50 mara 40 ni 2,000; gawanya kwa 5, utapata 400. Misuli hulazimika kuvuta kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 400, na nguvu hiyo yote hukigandamiza kisahani, bila kuhesabu uzito wa kiwiliwili chenyewe. Gunia hilo hilo likisogezwa hadi sentimita 20, hesabu hushuka hadi 200.

Mwaka 1999 watafiti wa Ulm, Ujerumani, walitangaza vipimo vya shinikizo ndani ya kisahani cha mtu aliyejitolea. Akisimama tu, shinikizo lilikuwa megapaskali 0.5. Alipoushika mzigo wa kilo 20 karibu na mwili lilikuwa 1.1, na alipoushika sentimita 60 mbele ya kifua, 1.8. Alipounyanyua kwa kuinama na kupinda mgongo, lilifika 2.3, yaani zaidi ya mara nne ya kusimama; alipokunja magoti na kunyoosha mgongo, 1.7. Hivyo kukunja magoti kunasaidia, na kuuweka mzigo karibu na mwili kunasaidia pia.

Kisahani kinapopasuka

Nyuzi za ukingo zikichoka kwa kubanwa na kupindwa mara nyingi, hupasuka, na kiini huchomoza nje. Kikigusa mshipa wa fahamu unaoelekea mguuni, maumivu hushuka kutoka kiunoni kupitia tako na paja hadi kwenye wayo. Madaktari Mixter na Barr wa Boston, Marekani, walieleza jambo hili mwaka 1934. Kabla ya hapo wengi hawakujua kwamba maumivu ya mguu huweza kuanzia mgongoni.

Habari njema ni kwamba kuchomoza huko si hukumu ya maisha. Chembechembe za ulinzi za mwili huishambulia sehemu iliyochomoza na kuipunguza kidogo kidogo. Wagonjwa wengi hupata nafuu kubwa katika wiki 6 hadi 12 bila kupasuliwa.

Kulala au kutembea?

Zamani mgonjwa wa mgongo aliamriwa kulala kitandani kwa wiki kadhaa. Mwaka 1995 ulitangazwa utafiti uliofanywa kwa wafanyakazi wa jiji la Helsinki, Finland. Walioendelea na shughuli zao za kawaida kwa kadiri maumivu yalivyowaruhusu walipona haraka kuliko waliolazwa siku mbili. Kulala sana hudhoofisha misuli, na hukinyima kisahani mwendo unaokilisha.

Lakini kutembea si kubeba. Hapa ndipo wengi hupotea. Mbeba magunia hununua dawa ya maumivu dukani, mfano diklofenaki, na siku ya tatu hurudi chini ya gunia lile lile. Dawa haikuunga kilichopasuka. Imenyamazisha tu kengele ya hatari. Tena dawa hizo zikitumiwa muda mrefu huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Dalili zisizongoja

Mgonjwa akimbizwe hospitali mara moja akishindwa kukojoa au kuzuia haja, akifa ganzi sehemu za siri na matakoni, au miguu ikizidi kulegea. Kuchelewa kwa saa chache huweza kumwachia ulemavu wa kudumu. Maumivu yanayozidi usiku, pamoja na homa na kukonda, yachunguzwe pia, kwani huenda ni kifua kikuu cha mifupa. Wachimbaji wanaovuta vumbi la mawe wamo katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa kifua kikuu.

Kurudi kazini kwa ngazi

Mnyanyuaji wa Marekani, Brian Carroll, aliumia vibaya pingili, visahani na mfupa wa nyonga. Mwaka 2013 alimwendea Profesa Stuart McGill wa Kanada. Kwanza aliacha vyuma kabisa, kisha akajenga upya ustahimilivu wa misuli ya kiuno kwa mazoezi mepesi. Mwaka 2020 alichuchumaa na kusimama akiwa na zaidi ya kilo 590 mabegani. Si kila mtu atafika huko, wala hana haja. Funzo ni mpango wake.

Kwa mbeba magunia ngazi ni hizi. Kwanza, matembezi mafupi mara kadhaa kwa siku. Pili, mazoezi ya kutuliza kiuno: piga magoti, weka viganja chini, nyoosha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili, hesabu hadi kumi, badilisha. Tatu, kazi nyepesi kama kushona magunia au kusimamia mizani. Nne, mizigo midogo, ikiongezwa polepole kila wiki. Maumivu yakirudi mguuni, shuka ngazi moja.

Gunia lenyewe

Mpango huo hauwezekani ikiwa gunia dogo halipo. Sheria ya Vipimo ya Tanzania inakataza lumbesa na kuweka kikomo cha kilo 100 kwa gunia la mazao. Kikomo hicho humlinda mkulima asipunjwe. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967, liliweka kilo 55 kuwa kiwango kisichofaa kupitwa na mwanamume mzima. Kwa hiyo hata gunia halali hukaribia mara mbili ya kiwango hicho. Mfuko wa kilo 50, au watu wawili kwa gunia moja, ni tiba sawa na ile ya daktari. Na wenzake wakimwachia majeruhi mizani kwa mwezi mmoja, huenda wakamwokoa na ulemavu wa miaka thelathini.

Jaribio kwa vikundi vya kujisomea

Chukua ndoo yenye lita 5 za maji. Ishike karibu na kifua, kisha inyooshee mbele. Uzito haukubadilika, ni nini kilichobadilika? Piga hesabu ya wenzo kwa umbali wa sentimita 20 na wa sentimita 60, ukichukua sentimita 5 kwa misuli ya mgongo.