Mto Usiofika Elwak: Jiografia, Historia na Lugha katika Bonde la Juba

Utangulizi

Mji wa Elwak, katika Kaunti ya Mandera, hauna mto. Mashariki yake Mto Juba uko umbali wa zaidi ya kilomita 100. Kaskazini, Mto Daua uko mbali vivyo hivyo. Mvua ya eneo hili ni haba, nayo inaponyesha maji hupita kwa siku chache katika laga, yaani mikondo ya msimu, kisha mchanga huyameza. Hata hivyo, historia ya Elwak haiwezi kueleweka bila kuutazama mto huo wa mbali. Makala haya yanachunguza jiografia ya Mto Juba, lugha zilizokutana kando yake, na namna mpaka uliokuwa mtoni ulivyohamishwa hadi visimani. Hoja kuu ni kwamba katika nchi kavu maji ndiyo huandika ramani, na majina ya mahali ndiyo kumbukumbu ya maandishi hayo.

Majina na maana zake

Jina Elwak lina sehemu mbili. Ya kwanza ni neno la Kisomali ceel, maana yake kisima. Ya pili ni Waaq, jina la kale la Mungu miongoni mwa jamii za Kikushi, ambalo Waoromo hulitamka Waaqa hadi leo. Elwak basi ni Kisima cha Mungu. Jina hili limedumu ingawa wakazi wake wamekuwa Waislamu kwa karne nyingi, jambo linaloonyesha kwamba jina la maji huishi kuliko imani iliyolizaa.

Ukielekea Mto Daua, majina hubadilika. Hapo pana Malka Mari na Malka Rhamu. Malka ni neno la Kioromo lenye maana ya kivuko cha mto. Kwa hiyo, msafiri anayetoka nchi ya "el" kuingia nchi ya "malka" ametoka nchi ya visima na kuingia nchi ya vivuko, na majina yenyewe yamempa habari kabla hajayaona maji.

Jiografia ya mto

Mto Juba, ambao Wasomali huuita Webi Jubba, huzaliwa katika nyanda za juu za Ethiopia. Mito miwili mikubwa, Genale na Daua, hukutana karibu na Dolo, mahali ambapo mipaka ya Ethiopia na Somalia hukaribiana na ile ya Kenya. Kabla ya kufika hapo, Daua huwa mpaka wa Kenya na Ethiopia kwa sehemu ya safari yake. Kutoka Dolo, Juba huteremka kusini kupitia Luuq, mji uliozungukwa na pindo la mto, kisha Bardera, Buaale na Jilib, na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Kismayu.

Sehemu kubwa ya maji yake hutoka Ethiopia. Ndiyo sababu mto unaweza kufurika Bardera siku ambayo hapajanyesha hata tone. Hujaa mara mbili kwa mwaka, ukifuata misimu ya mvua ambayo Wasomali huita Gu na Deyr. Jirani yake, Webi Shabelle, kwa kawaida hauifikii bahari. Huishia mabwawani karibu na Juba. Si ajabu ya Afrika pekee: Volga, mto mrefu kuliko yote barani Ulaya, nao hauingii katika bahari kuu bali katika Kaspi, bahari iliyozingirwa na nchi kavu pande zote.

Lugha za kingo mbili

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, bonde la Juba ni darasa kamili. Mlangoni mwa mto, Kismayu na visiwa vyake, huzungumzwa Kibajuni, lahaja ya Kiswahili. Kaskazini zaidi pwani, Barawa ina Chimiini, lugha ndugu ya Kiswahili. Ndani ya bonde, katika misitu ya Gosha, watu waliotoroka utumwa katika karne ya 19 walijenga vijiji huru. Baadhi yao walitoka katika jamii ya Wazigua wa Tanzania ya leo, na wazao wao wamehifadhi Chizigula pamoja na ngeli zake za Kibantu, katikati ya wasemaji wa Kisomali. Vita vilivyozuka Somalia mwaka 1991 viliwatawanya wengi wao hadi kambi za Dadaab na Kakuma. Wengine walipelekwa Marekani. Wengine walirudi Tanga, katika makazi ya Chogo, Handeni, nchi ya mababu zao.

Kutoka mtoni hadi visimani

Wageni walitaka mto huu kwa sababu mbalimbali. Mwaka 1865 Mjerumani Karl Klaus von der Decken aliupanda kwa meli ya mvuke. Meli ilivunjika juu ya Bardera, naye akauawa katika mji huo. Mwaka 1875 Misri ilituma kikosi Kismayu, kikaondoka kwa shinikizo la Uingereza. Mwaka 1891 Uingereza na Italia zilikubaliana kwamba Juba uwe mpaka wa maeneo yao. Elwak ikawa ndani kabisa ya upande wa Waingereza.

Hali ilibadilika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa mkataba wa mwaka 1924, Uingereza iliipa Italia nchi ya Jubaland, na makabidhiano yakafanyika mwaka 1925. Mpaka ukahama kutoka mtoni kuelekea magharibi, ukapita Elwak, kisha ukashuka kusini kwa sehemu kubwa kama mstari ulionyooka. Mto hupinda kwa kufuata ardhi. Mstari wa rula haufuati ardhi wala malisho. Leo ziko Elwak mbili zinazotazamana, moja Kenya na nyingine katika mkoa wa Gedo, Somalia, na mfugaji aliyekuwa akihama kutoka kisimani hadi mtoni amekuwa mtu wa kuvuka nchi.

Desemba 1940 mstari huo uligeuka uwanja wa vita. Majeshi ya Afrika Kusini na ya Gold Coast yaliwashinda Waitalia hapo Elwak, na Februari 1941 yakauvuka Juba. Kumbukumbu ya vita hivyo iko hata Accra, Ghana, ambako uwanja wa michezo wa kijeshi unaitwa El Wak.

Hitimisho

Maji ya Juba bado ni suala la kesho. Bwawa lililopangwa kujengwa Bardera halikujengwa. Ethiopia ilizindua bwawa la umeme la Genale-Dawa 3 mwaka 2020. Baada ya misimu mitano ya mvua kukosekana tangu mwishoni mwa 2020, mafuriko ya mwaka 2023 yaliikumba nchi hiyo hiyo iliyokuwa imekauka. Maamuzi yanayofanywa juu ya mto humfikia mtu wa chini, na hata yule wa Elwak asiyeuona mto, kwa kuwa mifugo inayokosa maji huko huja kwenye visima vyake.

Mtaalamu wa lugha ana wajibu hapa. Majina ya visima, malka na laga bado yamo vinywani mwa wazee. Yakikusanywa na kufafanuliwa, yataonyesha ramani iliyokuwapo kabla ya mwaka 1891. Yakiachwa yapotee, itabaki ile ya rula peke yake.

Maswali ya mjadala

1. Linganisha majina ya mahali yatokanayo na maji katika eneo lako na yale ya Elwak na Daua.
2. Jadili sababu zilizoiwezesha Chizigula kudumu katika bonde la Juba.
3. "Mto huunganisha kuliko unavyotenga." Tathmini kauli hii kwa kurejelea historia ya Jubaland.