Programu Huria na Nishati Safi: Somo Kutoka Buguruni



Miezi mitatu ya giza iliyotukuta hapa Unguja, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, ilitufundisha kwamba umeme wetu hutegemea Tanzania Bara. Njia ile ilipoharibika, hata pampu za maji zilisimama. Waya wa pili wa baharini, wenye uwezo wa megawati 100, ulizinduliwa mwaka 2013 na hali ikawa bora. Hata hivyo chanzo kimebaki ng'ambo. Kwa hiyo yanayofanyika Dar es Salaam katika safari ya kuelekea nishati isiyochafua hewa yanatuhusu.

Maana ya maneno

Sifuri halisi ni lengo la kuhakikisha kuwa hewa ukaa inayotolewa haizidi ile inayoondolewa angani na misitu au kwa njia nyingine. Programu huria ni programu ya kompyuta ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi, na kila mtu anaruhusiwa kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa bila ya kulipia leseni. Ramani huria nayo hufuata kanuni hiyo hiyo.

Kisa cha Buguruni

Buguruni ni kata ya Ilala, jirani na bonde la Mto Msimbazi linalosumbuliwa na mafuriko. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, kwa fedha za Benki ya Dunia na kwa kushirikiana na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi na wakaazi walipita mtaa kwa mtaa katika kata za mafuriko, Buguruni ikiwemo, wakaingiza nyumba, vichochoro na mitaro katika OpenStreetMap, ramani ya wazi iliyoasisiwa Uingereza mwaka 2004.

Ramani hiyo ilikusudiwa mafuriko. Lakini mpangaji wa umeme naye huuliza maswali yale yale: nyumba ziko wapi, nguzo zitapita wapi, ardhi ipi hujaa maji? Programu huria ya OnSSET, iliyobuniwa katika chuo kikuu cha KTH huko Sweden, huchukua taarifa za makaazi, umbali wa gridi na nguvu ya jua, kisha hukokotoa ni wapi gridi ni nafuu na ni wapi umeme wa jua ni nafuu zaidi. Taarifa zikiwa wazi, fedha iliyotolewa mara moja huweza kufanya kazi mbili.

Zanzibar nayo inayo akiba kama hiyo. Kuanzia mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na washirika wengine, ilipiga picha za visiwa vyetu kwa ndege zisizo na rubani.

Gharama iliyojificha

Huria si sawa na bure. Leseni hailipiwi, lakini kazi hulipiwa. Tangu mwaka 2015 nyumba nyingi za bonde la Msimbazi zimebomolewa, na nyingine zimejengwa kwengineko. Ramani isiyorekebishwa itampeleka fundi penye mapaa yasiyokuwepo tena, na itawasahau waliohamia pengine. Wafadhili wengi hupenda kugharamia mwanzo wa kazi. Matunzo hayana sherehe, kwa hiyo hukosa mlipaji.

Tufanyeje?

1. Mkuu wa idara anapopanga bajeti ya mradi wa kompyuta, aweke fungu la matunzo ya kila mwaka, si la kuanzishia tu.

2. Mkataba utamke kuwa programu itakabidhiwa pamoja na maandishi yake ya ndani na ruhusa ya kuyarekebisha, ili tusifungwe na mtengenezaji mmoja.

3. Vijana wetu wafunzwe na waajiriwe kuitunza kazi hiyo, kwani mtaalamu mgeni huondoka mradi unapokwisha.

4. Wananchi wawape wachora ramani taarifa sahihi, kupitia kwa mjumbe wa shina kule Buguruni na kwa sheha hapa kwetu.

Programu tunaweza kupewa na ulimwengu bila ya malipo. Kuiweka hai ni wajibu wetu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.